Chuma Kilichopitishwa Motoni

Kwa miaka mingi kile chuma kilikuwa na kazi moja tu nyumbani kwetu Igamba: kukandamiza turubai. Kahawa ikiwa kwenye vichanja na mawingu yakianza kujikusanya, mama alipaza sauti, sisi tukakimbia na turubai, na pembe ya upande wa upepo ikawekewa lile bonge. Lilikuwa na ukubwa wa ngumi ya mwanaume, jeusi, lenye kutu, zito kuliko lilivyoonekana. Mgeni akitumwa kulileta aliinama kulichukua kwa mkono mmoja, kisha akaongeza wa pili, nasi tukamcheka.

Babu mzaa mama, aliyekuwa mfua vyuma, ndiye aliyelifukua akichimba mashimo ya miche ya kahawa. Aliligonga kwa nyundo mara moja, akasikiliza, akasema hicho si chuma cha tanuri lolote analolijua, akaliweka pembeni. Hakuwahi kulifua. Majirani walitutania kwamba tunafuga mtoto wa Kimondo, kwa sababu Kimondo chenyewe, kile kikubwa ambacho watoto wa shule hupelekwa kukitazama, hakiko mbali sana na kwetu. Babu alikufa akiamini kwamba lilitoka juu. Mama aliamini kwa sababu baba yake aliamini. Mimi sikuamini wala sikukataa; nilikuwa na masomo yangu.

Masomo hayo yalinifikisha Ulaya, kwenye shahada ya uzamivu ya fizikia, na ndani ya fizikia nikaangukia kwenye sumaku. Watu wa nyumbani wakiniuliza nasoma nini niliwajibu kwa mkato, maana kila nilipojaribu kueleza waliniuliza kama sasa nitaweza kutengeneza redio. Nilikuwa nasoma kumbukumbu za vyuma. Chuma chenye nikeli kilichotoka angani, kikiwa kimepoa polepole kwa mamilioni ya miaka, hubaki kimeandikwa ndani yake usumaku wa mahali kilikozaliwa. Maandishi yenyewe ni chembe ndogo kuliko vumbi la unga, na hayafutwi na mvua, wala kutu, wala kazi ya kukandamiza turubai.

Likizo moja, kwa udadisi tu, nilikata kwa msumeno kipande cha ukubwa wa ukucha, nikafuata taratibu zote, nikaenda nacho chuo. Nusu tuliiyeyusha kwenye tindikali, tukakuta nikeli tele. Nusu nyingine tuliisugua na kuing'arisha hadi ikakaribia kwisha, na pembeni kabisa, kabla haijaisha, tukaziona zile chembe. Profesa wangu, mzee mpole asiyepandisha sauti, alikuja mezani kwangu mara tatu siku hiyo. Nililia kidogo chooni, nikimfikiria babu na nyundo yake.

Kuziona chembe ni jambo moja, kusoma zimeelekea wapi ni jingine. Kazi hiyo inataka mtambo unaoitwa sinkrotroni. Ni jengo la mviringo ambalo ukilizunguka kwa miguu unatoka jasho. Ndani ya bomba lisilo na hewa, elektroni zinakimbizwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na kila zinapopindishwa kona zinatoa eksirei kali. Eksirei hizo huchotwa pembeni kwa mabomba, na kila bomba linaishia kwenye vyombo vyake. Hayo mabomba na vyombo ndiyo tunayaita mistari ya mwanga. Kwenye mstari tulioutumia sisi, mwanga uliweza kusokotwa kulia au kushoto. Chuma kinaunyonya mwanga wa kulia tofauti na wa kushoto, kutegemea usumaku wake umeelekea wapi. Unapiga picha mbili, unatoa moja kwenye nyingine, na kinachobaki ni ramani ya sumaku.

Mtambo ule si wa mtu mmoja. Unaandika maombi, unashindanishwa na watu wa dunia nzima, na ukibahatika unapewa zamu. Mimi nilipewa siku tatu. Sura kubwa ya utafiti wangu ilining'inia kwenye siku hizo, na mwaka wangu wa mwisho wa ufadhili pia. Kile kipande cha kwanza kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo ilinibidi nirudi nyumbani nichukue bonge lote.

Mimi nina hasira za karibu, na safari ile nilifika nazo. Siku ya kwanza nilikuta redio ya mama imewekwa juu ya bonge, dirishani. Nikairukia kana kwamba nimeona nyoka. Spika ina sumaku, nilimwambia, na sumaku itaharibu kilichoandikwa mle. Nikatangaza marufuku: redio isikaribie, simu zisikaribie, lisisuguliwe kwa mchanga, lisioshwe. Mama akaniuliza kama kuku wanaruhusiwa kupita. Nikamjibu kwamba sitanii. Kusema kweli, sumaku ya redio isingelifanya lolote, usumaku ule ni mkaidi mno. Nilikuwa najionyesha tu kwamba nimesoma.

Kitu ambacho sikukitaja ni moto, na moto ndio unaofuta. Chuma kile kikiiva hadi kuwa chekundu, mpangilio uliochukua mamilioni ya miaka unavurugika kabla sufuria ya maharage haijachemka. Nililijua hilo vizuri kuliko nilivyolijua jina langu. Sikulisema kwa sababu sikuona ni nani angeweza kuchoma kitu cha kukandamizia turubai.

Kibali cha kulitoa nchini kilibakiza muhuri mmoja, na ofisa wa kuupiga alikuwa Tunduma wiki ile. Nikamfuata. Sipendi Tunduma. Kaka yangu wa pekee alikuwa dereva wa lori, alivukia pale kwenda Zambia, akafia huko barabarani wakati mimi niko bwenini, kidato cha tano. Hadi leo nikiiona ile foleni ya malori najikuta natafuta la kwake. Wabadilisha fedha walinisalimia “Mulishani” wakidhani nimetoka ng'ambo ya mpaka, nikawapita bila kuitika, jambo ambalo mama angelisikia angenikemea. Ofisa aliniuliza mara ya kwanza kama ni dhahabu, nikasema hapana. Akauliza mara ya pili. Mara ya tatu nilimwambia kwamba ningekuwa na dhahabu ya ukubwa ule nisingekuwa nimekaa kwenye benchi lake. Akafunga jalada, akaniambia nirudi kesho.

Hasira hasara, na hasara yenyewe nilikuja kuijua baadaye. Nililala Tunduma siku ambayo ningekuwa nimelala Igamba.

Niliporudi na muhuri wangu, gari la kunipeleka uwanja wa ndege lilikuwa limeshapangwa. Mama alinikabidhi bonge likiwa limefungwa kwenye kipande cha kitenge. Nilifungua kidogo nikaona kutu imetoka na limekuwa na weusi wa kung'aa. Nikamuuliza kwa ukali kama amelisugua, akasema hajalisugua. Sikumuuliza zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kugombana naye kuhusu begi. Alikuwa ametia maharage, karanga, kahawa ya kukaangwa na chupa ya asali, na mimi nilikuwa nazitoa moja moja na kuzipanga kitandani.

Akasema, kwa lile jina analoniita akinibembeleza, “Mama, kabla hujaondoka, kuna jambo kuhusu hiki chuma.”

Nikamwambia atanieleza kwa simu, gari litaniacha. Alisimama mlangoni ameshika chupa ya asali niliyoikataa. Sikumpigia kumuuliza, na yeye hapendi kupiga simu nje ya nchi, huwa anaona atanisumbua kazini.

Mstari wa mwanga ulisimamiwa na mwanamke wa makamo, fundi wa mambo hayo tangu ujana wake, mtu wa maneno machache. Chuoni tulikuwa tumekata vipande kutoka kwenye bonge, tukaving'arisha, na chini ya hadubini ya kawaida mistari ya chuma cha angani ilikuwepo, imepishana vizuri kama ukili wa jamvi. Mistari hiyo haiondoki kwa moto wa mara moja, ndiyo maana sikushtuka kwamba kuna kilichoharibika. Siku ya kwanza ya zamu yetu iliisha kwenye kufyonza hewa na kunyoosha mwanga. Siku ya pili asubuhi tukaanza kupiga picha.

Kwenye picha za watu wengine, sehemu yenye zile chembe huonekana kama mtama uliomwagwa, punje nyekundu na za bluu zimechanganyika, na ni katika kuzihesabu punje hizo ndipo unaposoma usumaku wa kale. Kwangu palitokea mabaka mapana, yametulia, hayana punje hata moja. Nikahamisha kipande. Mabaka. Nikabadilisha kipande, nikasubiri tena hewa ifyonzwe, nikapiga tena. Kufika jioni nilikuwa nimepita vipande vitano na midomo imenikauka. Yule mwanamke aliniletea chai, akaketi kando yangu, akatazama picha zote.

Asubuhi ya siku ya tatu aliniuliza kama chuma kile kimewahi kuchomwa.

Nilicheka. Nilimweleza kwamba ni kitu cha shambani, hakijawahi kukaribia tanuri, babu yangu mwenyewe aliyekuwa na tanuri hakukitia. Akafungua faili la zamani akanionyesha picha za kipande ambacho walikichoma wenyewe kwa makusudi, ili kuona moto unafanya nini. Ungeziweka pembeni ya zangu usingejua ipi ni ipi.

Nikatoka kwenye ukumbi, nikasimama kwenye korido chini ya mabomba, nikampigia mama. Huko ilikuwa mchana, nilisikia kuku.

“Shikamoo mama. Lile bonge, kuna mtu aliliweka kwenye moto?”

“Marahaba. Ndilo nililotaka kukuambia siku ile. Ulipokuwa Tunduma nililipeleka Mlowo kwa mjomba wako. Aliliweka kwenye mkaa mpaka likawa jekundu lote, tukalifukia kwenye majivu mpaka likapoa. Limepita vizuri, halikupasuka hata kidogo.”

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa taarifa ya kazi iliyokwenda sawa. Alikuwa anangoja nimshukuru.

Nikamwambia, “Umeliua, mama. Na mimi umeniua.” Nikakata simu.

Hayo maneno nimeyaandika hapa kama yalivyo kwa sababu nimejaribu mara nyingi kuyakumbuka yakiwa laini zaidi, na hayalainiki. Nilirudi ndani, nikamaliza zamu, nikapiga picha za mabaka hadi saa yetu ya mwisho, maana mwanga ukishapewa hauachwi ukapotea bure. Nilikuwa na aibu kuliko uchungu. Mjukuu wa mfua vyuma alikuwa ameulizwa swali la moto na akacheka.

Kesho yake mjomba alinipigia. Yeye ndiye kaka yake mama, ana karakana Mlowo, anachomelea mageti na kunoa majembe, na bado anatumia mkaa na feni ya kuzungusha kwa mkono. Hakunigombeza. Aliniuliza kama kweli sikujua, nikamwambia sikujua. Basi akanieleza, taratibu, kama unavyomweleza mgeni. Katika ukoo wao, chuma kinachokaa nyumbani hakiguswi, lakini chuma kinachotoka kwenda mbali na mtoto wa nyumba hiyo hupitishwa motoni kwanza, kiive, kilale kwenye majivu, ili kiache nyumbani hasira zote kilizosikia na kisimdhuru anayekibeba. Babu alivipitisha hivyo vyote, jembe la bibi harusi, kisu cha kijana anayekwenda migodini. Mama aliiacha desturi hiyo alipokuwa mtu wa kanisa sana, na mimi nilikulia kwenye miaka aliyokuwa ameiacha. Nikamuuliza mjomba kwa nini basi aliirudia kwangu. Akasema hilo nimuulize mwenyewe, kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kwamba tangu jana mama hasemi na mtu.

Sikumuuliza. Nilimtumia ujumbe wa kuomba radhi, mfupi, naye akajibu kwamba amenisamehe na kwamba mvua zimeanza.

Kwenye taarifa ya zamu niliandika kwamba sampuli ilipata joto kabla ya kipimo. Profesa aliisoma, akanitazama, akatia saini. Tuliomba zamu nyingine kwa chuma cha mtu mwingine, hatukupata. Sura ile ikatolewa kwenye utafiti wangu, ufadhili ukaisha, na nikarudi nyumbani nikiwa na kazi iliyokatika katikati, kuandika kilichobaki nikiwa hapa hapa Vwawa, nafundisha sekondari huku nangoja chuo kinijibu kuhusu utafiti wangu. Bonge lilirudi nami, limepungua. Lipo kwenye kabati, na sijui nilifanye nini.

Kabla sijafika Igamba mjomba alikuwa ameniambia jambo lililonikosesha raha. Mama, mwanakwaya, mama wa kanisa kwa miaka yote ninayoikumbuka, alikuwa ameacha kushiriki Meza ya Bwana. Hakuna aliyemtenga. Wenzake wakiinuka kwenda mbele, yeye huinuka na kutoka nje, anakaa kwenye msingi wa ukuta mpaka ibada iishe. Alipoulizwa alisema ana lake. Nilijua ni lipi. Ni maneno yangu ya kwenye korido. Mtoto amemwambia mama yake ameua, na mama amejihukumu. Njiani kote kutoka Vwawa nilipanga jinsi ya kumwondolea mzigo huo, na nakiri nilijiona mtu mwema.

Nilimkuta kibarazani anachambua kahawa, anatupa punje zilizovunjika kwenye bakuli. Nikamsalimia, nikapiga magoti, akanishika kichwa. Baada ya maji na habari za njiani nikasema niliyoyapanga. Kwamba hakukosa. Kwamba hakujua, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia habari ya moto. Kwamba nimeshayasahau na arudi mezani.

Aliendelea kuchambua. Kisha akauliza, “Ningekiacha kilivyokuwa, kingekuambia ulichokuwa unakitafuta?”

Ningeweza kumdanganya. Ningesema vyuma hivyo havitabiriki, pengine kisingesema kitu. Lakini tangu utoto ananijua ninapodanganya, na nilikuwa nimechoka.

“Ndiyo, mama. Kingeniambia.”

“Na hakuna namna ya kukirudisha.”

“Hakuna.”

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelijua jibu na alitaka tu kulisikia. “Kaka yako alivyoondoka ile safari ya mwisho aliniomba nyundo ya babu yako, ya kugongea matairi. Nilimpa vile vile ilivyo. Mjomba wako alinikumbusha tuipitishe, nikamwambia mimi nimeokoka, ushenzi huo tumeuacha.”

Sikuwa nimelisikia jambo hilo maishani mwangu. Nikamwambia ilikuwa breki. Kila mtu anajua zilikuwa breki, kwenye mteremko, na lori lilikuwa limezidishiwa mzigo.

“Najua ilikuwa breki,” akasema. “Wote wameniambia ilikuwa breki.”

Akaweka ungo chini. Alinitazama usoni, na sikuona majuto niliyokuja kuyafuta.

“Wewe unadhani siendi mezani kwa kuwa nimekukosea. Kule mtu anatakiwa atubu kwanza, mwanangu. Nimejaribu. Nafunga macho nasema Bwana, nimerudia mambo ya kale, nimeharibu kazi ya mtoto. Halafu nakuona unaondoka na kile chuma, na nakipitisha tena. Hata ukisimama mlangoni unalia, nakipitisha. Sasa nitatubu nini?”

Nilikuwa nimekuja na msamaha, naye hakuuhitaji. Hasira zangu za zamani zilinipanda palepale, za miaka yangu, za zile siku tatu, za mabaka, na pamoja nazo nikaona jinsi alivyokuwa ananiangalia, mikono, miguu, uso, bila haraka, kama anayehakikisha nimerudi mzima.

Jumapili tulikwenda kanisani pamoja. Wenzake walipoinuka kwenda mbele, yeye aliinuka akatoka nje, nami nikatoka nyuma yake. Alisogea kwenye msingi akanipa nafasi. Nilikuwa bado nimemkasirikia, naye alijua. Akanishika mkono akauweka kwenye paja lake, akaushikilia mpaka watu walipotoka.